Kufuli la Pili na Saa ya Reli

Ukitaka kumjua mtunza seva, usimwulize amesomea wapi. Mtazame siku anayobadilisha kufuli. Kama ameacha dirisha moja wazi nyuma yake, basi huyo amewahi kufungiwa nje, au amefunzwa na mtu aliyewahi kufungiwa nje. Mimi ni wa aina ya pili. Nawaandikia nyinyi mnaoanza kazi hii ili nanyi muwe wa aina hiyo, kwa sababu aina ya kwanza hulala njaa njiani.

Nilifanya kazi miaka mingi katika chumba cha kompyuta cha chama kimoja cha wafugaji hapa Nakuru. Chama kilikuwa na vituo vya kupoza maziwa, kimoja Dundori, kingine Gilgil, na vingine vidogo katikati. Kila kituo kilikuwa na kompyuta yake ya kuendesha mitambo ya baridi, na kompyuta hizo zote zilifikiwa kupitia seva moja iliyokuwa mjini. Ukishaingia kwenye seva hiyo, hata kama umekaa jikoni kwako, unaweza kuwasha baridi ya Dundori. Hiyo ndiyo raha yake. Hatari yake ni kwamba anayeingia si lazima awe wewe.

Kwa muda mrefu mlango wetu ulikuwa na kufuli moja tu, neno la siri. Lilikuwa siri kwa namna yetu ya hapa. Pale Gilgil lilikuwa jina la ng'ombe wa meneja, na lilijulikana na karani, dereva wa tanki na mama wa chai. Siku moja nilikuwa nimesimama kaunta nikamsikia karani akiuliza kwa sauti, "Paswadi ni ile ile?" Mama wa chai ndiye aliyejibu kabla ya mtu mwingine kufungua mdomo: "Ni ile ile, lakini sasa herufi ya kwanza ni kubwa. Mlibadilisha juzi." Nilimaliza chai yangu.

Msiwacheke sana. Huku kwetu jirani akisafiri anakuachia ufunguo wa nyumba, na ukimnyima mwenzako ufunguo ni kama umemwambia humwamini. Kwa hiyo neno la siri liliazimwa kama sufuria ya matanga, likazunguka, na hakuna aliyejua lilikuwa kwa nani. Nilijaribu kukataza nikaonekana mchoyo. Hapo ndipo nilipoanza kuona faida ya kufuli la pili. Neno la siri mtu atampa mwenzake bila kuwaza. Simu yake hampi.

Aliyelileta ni Chebet. Alikuwa ameajiriwa karibuni, na mimi nilikuwa nakaribia kustaafu, kwa hiyo nilimfundisha kazi huku naye akinifundisha mambo ambayo yalikuja baada yangu. Aliniita Madam hata nilipomwambia jina langu. Asubuhi moja alinionyesha orodha ya watu waliobisha mlango wa seva usiku uliotangulia, mashine za ng'ambo zikijaribu neno baada ya neno bila kuchoka.

"Madam, hawa wanakisia tu," alisema. "Lakini wakikisia jina la ng'ombe?"

"Watakisia. Ng'ombe hawana majina mengi."

Tukakubaliana kwamba anayeingia kutoka mbali aweke neno la siri kwanza, halafu aweke namba ya tarakimu sita inayotolewa na programu ndogo kwenye simu yake. Namba hiyo haikai. Baada ya nusu dakika inakufa na nyingine inazaliwa.

Watu wengi hudhani namba hiyo hutumwa na seva kuja kwenye simu kama ujumbe. Haitumwi. Zima mtandao wote wa simu yako, bado utaiona ikibadilika. Baba yangu alikuwa mtu wa ishara katika reli, na nilipowaeleza wafanyakazi jambo hili nilitumia kazi yake. Chukua steshenimasta wa Nakuru na yule wa Gilgil. Kila mmoja ana ratiba ile ile ukutani. Hawajapigiana simu, lakini ukimwuliza yeyote kati yao ni treni gani inapita sasa, anatazama saa, anatazama ratiba, anakujibu, na majibu yao yanalingana. Simu yako na seva ni mabwana hao wawili. Siku ya kwanza wanapewa ratiba moja, ambayo ni siri yao, na baada ya hapo kila mmoja anatazama saa yake tu. Ukielewa hivyo umeelewa kazi yote, na ukisahau neno moja katika maelezo hayo, utakuja kulia. Neno lenyewe litafika.

Ratiba hiyo hupewa simu kwa njia ya picha ya vijisanduku vyeusi na vyeupe. Unaielekeza kamera, imekwisha. Tulipofika kwa Ouma, msimamizi wa vituo vyote, alipiga picha ya vijisanduku kwa simu yake ya pili.

"Ya nini hiyo, boss?" Chebet akamwuliza.

"Naiweka kwenye grupu ya ofisi. Nikipoteza simu, mtu anisaidie."

Chebet alinyoosha mkono akaichukua ile simu kwa adabu kabisa, akafuta picha, akamrudishia kwa mikono miwili. "Boss, hiyo ni kama kuchonga funguo za nyumba yako na kugawa kanisani."

"Kanisa letu ni watu wazuri," alisema Ouma.

Simu yake kubwa, ile iliyobeba programu ya namba, ilikuwa mpya, imetoka dukani wiki ile. Ouma alijaribu kuingia palepale mbele yetu, akaingia mara moja, akafurahi kama mtoto. Ikumbukeni siku hiyo, kwamba aliingia.

Sasa nirudi kwenye dirisha. Aliyenifunza mimi ni Mzee Barasa, ambaye alishika chumba kile wakati kompyuta yetu ilikuwa na ukubwa wa kabati la vyombo. Yeye ndiye aliyewahi kufungiwa nje. Alibadilisha sheria za mlango wa kompyuta ya Gilgil akiwa Nakuru, akakosea nukta moja, akafunga dirisha la kompyuta alilokuwa akifanyia kazi, na kuanzia hapo ile kompyuta ikawa haimjui. Ikabidi aende Gilgil mwenyewe, kibodi ikiwa chini ya koti kwa sababu ya mvua. Mlinzi wa kituo akamzuia langoni. "Mzee, hapa hatununui vitu vya kutembeza."

Tangu siku hiyo Mzee Barasa alikuwa na mwendo mmoja, nami nawapa kama alivyonipa. Unapobadilisha sheria za mlango, usifunge dirisha ulilo nalo. Dirisha lililokwisha kufunguka halifukuzwi na sheria mpya, litakaa. Fungua dirisha la pili, jaribu kuingia upya kama mgeni, kwa neno la siri na kwa namba. Ukiingia, ndipo ufunge la kwanza. Usipoingia, rudi kwenye la kwanza ukarekebishe kosa lako polepole, na hakuna atakayejua. Chebet alipoweka kufuli la pili nilisimama nyuma yake nikitazama hilo tu. Aliacha madirisha mawili wazi. Nilimwambia moja lingetosha. Akasema, "Madam, mimi ni mwoga." Nikajua chumba kimepata mtu.

Kwa hiyo Ijumaa yangu ya mwisho, baada ya keki na hotuba, nilimwita Chebet kando nikamwambia anifute. Jina langu, neno langu, namba zangu, vyote. Alisita.

"Hata kwa wiki moja tu, Madam? Kama kutatokea kitu?"

"Mtu akiondoka, ufunguo wake uondoke naye. Nifute nikiona."

Alinifuta nikiona. Nikaenda nyumbani na kipande cha keki.

Hayakupita majuma mengi. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, niko nyumbani hapa mtaa wa Rhonda, nachambua maharagwe, redio iko dirishani. Simu ikalia, ni meneja.

"Mama Brayo, tuko na shida Dundori."

Aliieleza vizuri, nami nawaeleza vilevile. Umeme wa Dundori ulikuwa umepotea na kurudi. Miaka ya nyuma ulirudi kwa kishindo ukaunguza mota, kwa hiyo tangu hapo tulipanga mtambo wa baridi usijiwashe wenyewe. Ungoje amri kutoka kwenye seva. Palikuwa na kitufe cha kuuwasha kwa mkono, lakini kilikuwa kimeharibika na kipya hakijafika. Barabara ilikuwa tope tupu, fundi amekwama chini. Na tanki lilikuwa limejaa maziwa ya asubuhi ya wafugaji wote wa ule upande, yakipanda joto.

Watu wawili tu ndio waliokuwa na ruhusa ya kuingia. Chebet alikuwa Njoro katika chumba cha mtihani wa chuo, simu zimekusanywa mlangoni. Ouma alikuwa Gilgil kwa harusi, ana kompyuta yake ndogo ndani ya gari, na namba yake ilikuwa inakataliwa kila anapoiweka. Namba za akiba, ambazo hutolewa kwa ajili ya siku kama hiyo, zilikuwa ndani ya bahasha, bahasha ndani ya sefu, na ufunguo wa sefu ulikuwa kwenye mkoba wa mhasibu aliyekuwa matangani Kakamega. Andikeni hilo mahali. Namba za akiba zikae penye kufuli, lakini pawe mahali ambapo mtu anaweza kufika Jumamosi.

"Sasa, Mama Brayo," meneja akashusha sauti. "Mimi na wewe tunajuana. Mtu wa miaka yako hawezi kuhama nyumba bila kuacha ufunguo mahali. Ingia na ile njia yako ya nyuma. Sitauliza."

"Hakuna njia ya nyuma."

"Mama Brayo."

"Hakuna, meneja. Nilifutwa nikiona."

Sauti yake ikabadilika. "Basi nikwambie. Yale maziwa yakikataliwa, hilo kufuli la msichana linatoka Jumatatu, na msichana mwenyewe atalifuata. Tulikaa miaka yote hii bila namba za simu, na maziwa yalikuwa yanapoa."

Alilosema lilikuwa kweli nusu, na kweli nusu haijibiwi haraka. Nilimwambia tu amwambie Ouma anipigie.

Mimi na Ouma tumejuana tangu utoto. Tulilelewa mlango kwa mlango katika nyumba za reli, baba yake dereva wa injini, wangu wa ishara. Alinipigia akiwa amefunga vioo vya gari, lakini bado nilisikia vigelegele vya harusi.

"Dada, hiki kitu kimenikataa. Naweka paswadi, inakubali. Naweka namba, inakataa. Hii hapa sasa inasema nne, saba..."

"Usinisomee! Hiyo ni yako."

"Itakufa sasa hivi, unaogopa nini?"

"Naogopa tabia. Ouma, umewahi kuingia tangu siku ile ya ofisini?"

"Sijawahi. Sikuwa na haja. Chebet ndiye huingia."

"Programu ni ile ile? Hukuifuta ukaiweka tena?"

"Ile ile."

"Saa ya simu yako iko sawa?" Hili lilikuwa swali la kwanza ambalo ningepaswa kuuliza, lakini angalau la tatu si la mwisho.

"Iko sawa kabisa. Sasa ni saa nne na dakika kumi na moja."

Niliinua macho nikatazama saa yangu ya ukutani. Saa nne na dakika kumi na moja. Nikaiondoa saa kwenye hesabu. Nikamwambia asubiri namba mpya ianze ndipo aiandike, asiharakishe. Ikakataa. Nikamwambia apumzike kidogo, kwa kuwa mlango ukikosewa mara kadhaa hukaa kimya kwa muda. Akapumzika. Ikakataa tena. Nilimsikia akimjibu mtu kwenye simu nyingine, ni Wanjiru, mhudumu wa kituo cha Dundori. Ouma alinirudia akasema, "Wanjiru anasema yakifika saa tano hayatavuka kipimo."

Nilikuwa nimekwisha. Nawaambia hivyo kwa utulivu sasa, lakini wakati ule nilikuwa nimeshika haragwe moja vidoleni na sijui nifanye nini nalo. Nilimfikiria Chebet ameinama juu ya karatasi ya mtihani, hajui kitu, anaandika.

Halafu redio ikapiga mlio wake. Mtangazaji akasema ni saa nne kamili, akaanza taarifa ya habari.

Nilitazama ukuta. Saa yangu ilikuwa imevuka saa nne zamani. Nilitazama redio. Mmoja wao alikuwa mwongo, na mimi nilimjua mwongo huyo tangu nikiwa mtoto, kwa sababu baba yangu ndiye aliyemfunza.

Katika nyumba za reli hakuna saa iliyosema kweli. Kila baba aliisogeza ya kwake mbele, robo saa kamili, ili zamu isimpite. Treni haimngojei mtu wake. Nasi watoto wao tumekua hivyo. Saa yoyote inayoingia nyumbani mwangu naisogeza mbele hata kabla ya kuitafutia msumari. Ouma ni hivyo hivyo. Simu yake siku ile ofisini ilikuwa mpya, bado inafuata saa ya mtandao, ndiyo maana aliingia. Jioni alipofika nyumbani alifanya alichofanya kwa kila saa maishani mwake. Tangu hapo steshenimasta wake alikuwa anasoma ratiba ile ile, lakini treni anayoitaja bado haijafika. Seva huvumilia tofauti ya kupepesa macho. Haivumilii malezi ya reli.

Na watu wawili wa reli tulipoulizana saa, lile neno nililowaahidi, tulikubaliana.

"Ouma. Simu yako ulisogeza mbele?"

"Si lazima?"

"Ouma!"

"Dada, kila mtu husogeza."

"Nenda kwenye mipangilio. Tafuta tarehe na saa. Uiache ijipange na mtandao."

"Nitachelewa kila mahali."

"Uko harusini na umefungiwa ndani ya gari. Utachelewa nini tena? Irudishe!"

Nilisikia akipumua. Nilisikia vigelegele. Halafu nikasikia Ouma akisema, polepole, kama mtu aliyeguswa bega na rafiki, "Imenikaribisha."

Alitoa amri. Wanjiru akapiga kusema mtambo umeanza kunguruma. Tukabaki kungoja, kwa sababu mtambo kuwaka ni jambo moja na maziwa kupona ni jambo jingine. Baadaye Wanjiru alichota kidogo, akachanganya na alkoholi kwenye kichupa chake cha kipimo na kukitikisa. Maziwa yakiwa yameanza kuharibika hapo huganda vipandevipande. Alitazama kwenye mwanga. Yalitiririka kwenye kioo laini, bila punje.

Meneja hakunipigia tena siku ile. Jumatatu kufuli halikutoka. Nilisikia kwamba katika mkutano Ouma alisimama akasema kosa lilikuwa la marehemu baba yake, watu wakacheka, jambo likaishia hapo. Wakaongeza mtu wa tatu mwenye ruhusa, bahasha ikahamia kwa meneja wa zamu, na karatasi ikabandikwa kwenye chumba cha kompyuta ikisema kabla ya kulaumu namba, tazama saa ya simu, kisha tazama saa ya seva, kwa kuwa hata seva huweza kupotea saa baada ya umeme kukatika. Hayo mafundi wote wanayajua. Ugumu ni kumtambua mtu ambaye saa yake haiko sawa na yeye anaamini iko sawa, hasa akiwa amelelewa nawe.

Chebet alikuja kunitembelea majuma machache baadaye na mkate na paketi ya majani ya chai. Mtihani aliupita. Alikaa hapo kwenye kiti cha dirishani, akanywa chai, kisha akaweka kikombe chini.

"Madam, nataka kukwambia kitu na usinikasirikie."

"Sema."

"Meneja aliniambia alivyokuomba njia ya nyuma, na ulivyosema hakuna. Nikaamini. Lakini nikarudi kazini, nikatafuta." Hakunitazama usoni. "Nilipekua seva yote nione kama uliacha."

"Ukapata?"

"Sikupata."

"Ulitazama na kompyuta za vituo?"

"Zote."

"Utatazama lini tena?"

Hapo ndipo alipoinua uso, na akacheka. "Mwisho wa mwezi, Madam."

Nilimwongezea chai. Sikuwa na zawadi nyingine ya kumpa, na yeye alikuwa amekwisha kunipa yangu. Vijana, mtu akikuamini halafu bado akakagua, usinune. Huyo ndiye wa kumwachia chumba.

Alipotaka kuondoka alitazama ukutani, akashtuka kwamba amekawia. Kisha akatoa simu yake, akaitazama, akarudi kutazama ukuta.

"Madam! Bado iko mbele?"

"Iache," nilimwambia. "Hiyo haifungui mlango wa mtu."